Gundi ya paneli za gari la zamani: bei ya kopo si hesabu yote

Mfanyabiashara wa Malolo au Nachingwea anayenunua Land Rover au Peugeot 504 ya zamani ili aikarabati na kuiuza, kwa kawaida hupiga kwanza hesabu ya injini, matairi na rangi. Paneli za ndani huja mwisho, na gundi ya kubandikia ngozi yake huja mwisho kabisa. Hapo ndipo sehemu ya faida hupotea. Mnunuzi akifungua mlango akakuta ngozi imefanya mapovu na kuning'inia, hushusha bei papo hapo, hata kama injini inanguruma vizuri.

Kusini hakukuanza jana kuishi na magari yaliyozeeka. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjika 1951, ulijaza matrekta na malori Nachingwea, na Land Rover yenyewe ilitoka kiwandani 1948. Mafundi wa kufufua injini wapo. Kazi ya ndani ya gari, hata hivyo, mara nyingi huangukia kwa fundi makochi, na fundi makochi huja na gundi aliyoizoea kwenye makochi ya sebuleni.

Sebuleni hakuna jua la kwenye kioo. Vipimo vilivyofanywa Arizona, Marekani, na kuchapishwa 2018 vilionyesha kuwa dashibodi ya gari lililoegeshwa juani kwa saa moja katika siku ya joto kali ilifikia wastani wa nyuzi 69 za Sentigredi. Arizona ni jangwa, na Ruangwa haifiki joto lile, lakini gari lenye vioo vilivyofungwa huzidi joto la nje kwa mbali popote lilipo. Gundi ya kawaida ya viatu, ile ya rangi ya njano inayopakwa pande zote mbili, huanza kulegea inapokaribia nyuzi 70. Gundi nyeupe ya mbao hulegea mapema zaidi, na juu ya hayo haipendi maji.

Adui wa pili haonekani kwa macho. Ngozi ya plastiki hulainishwa kiwandani kwa mafuta maalumu, na mafuta hayo hutoka polepole kwenye ngozi na kuingia kwenye gundi. Gundi ya viatu ikiyanywa kwa miezi kadhaa hugeuka kuwa utelezi unaonata vidoleni. Ndiyo maana kazi iliyokabidhiwa ikiwa safi kabisa huachia baadaye, wakati fundi amekwisha lipwa. Ngozi yenye kitambaa nyuma ina nafuu, kwa kuwa gundi hushika nyuzi za kitambaa badala ya kugusa plastiki moja kwa moja. Isiyo na kitambaa inahitaji gundi iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inafaa kwa plastiki ya aina hiyo. Nyingi kati ya hizo huchanganywa na dawa ya kugandishia, ambayo mafundi rangi huiita hadina. Ikishachanganywa hutumika siku hiyohiyo, inayobaki hutupwa.

WAPI PA KUTUMIA FEDHA

Si lazima kununua gundi ya ghali kwa gari zima. Dari, juu ya dashibodi na ukingo wa juu wa mlango ndiko kwenye joto, na huko gundi ya kuhimili joto haina mbadala. Dari ni mahali pabaya zaidi, maana uzito wa kitambaa na sponji unavuta chini mchana kutwa. Sehemu ya chini ya mlango ni jambo jingine. Viwanda vya zamani vilivuta ngozi juu ya hadibodi, vikaikunja nyuma na kuipiga pini. Gundi ilikuwa msaidizi tu. Fundi anayeacha mkunjo wa sentimita 2 au 3 nyuma ya paneli na kuubana kwa pini anaweza kutumia gundi ya viatu, mradi ni mpya. Supaglu isitajwe kabisa katika kazi hii, kwa kuwa hukauka kama kioo na kupasuka gari likianza kutikisika barabarani.

Lita moja ya gundi ya kupaka pande mbili hutosha takriban mita 2 za mraba za paneli, yaani milango minne ya wastani. Tuchukue mfano wa hesabu tu: ngozi, sponji na ufundi ni shilingi 200,000, gundi ya kawaida 15,000 na gundi bora 30,000. Tofauti ni 15,000. Gundi ya kawaida ikiachia, ngozi iliyokwisha kunyooka haibanduki bila kuharibika, na zile 200,000 hulipwa upya.

Kuna pia suala la msimu. Fedha za korosho huanza kuingia Oktoba, na mvua za kusini hufuata kati ya Novemba na Desemba, hadi Aprili. Kwa hiyo mwenye gari hupata fedha karibu na wakati ambao hewa inaharibu kazi. Gundi inapokauka hupoza uso uliopakwa, na hewa ikiwa na unyevu umande mwembamba hukaa juu yake. Pande mbili zikikutanishwa hazishikani. Paneli ibandikwe mchana wa siku kavu, gundi ikiachwa dakika 10 hadi 20 mpaka isinate kidoleni.

Kwa wenye maduka, tatizo kubwa ni gundi ya kupimwa kwenye chupa. Kopo likishafunguliwa dawa yake ya kuyeyushia huruka, gundi huwa nzito, na muuzaji huongeza petroli ili itiririke. Itatiririka, lakini nguvu imekwisha. Makopo mengi hukaa vizuri takriban mwaka mmoja, na chini ya bati lenye joto muda huo hupungua. Duka la Ruangwa lenye wateja wachache lina faida zaidi likiagiza makopo madogo yaliyofungwa, machache kwa wakati, kuliko kopo kubwa la kupima. Mvuke wake hushika moto upesi, hivyo yasikae karibu na jiko, na yasiuzwe kwa watoto.

Mnunuzi mwenye shaka anaweza kupima mwenyewe kabla ya kulipia kazi nzima. Abandike kipande cha ngozi ileile juu ya kipande cha hadibodi, akiache usiku kucha, kisha afunge betri moja kubwa ya redio kwenye ncha ya ngozi iliyoachwa wazi na kuning'iniza ndani ya gari lililofungwa juani kwa siku 3. Ngozi ikianza kubanduka, arudi dukani.