Canada Lee: mwigizaji aliyeingia Afrika Kusini kwa jina la mtumishi

Mwezi uliopita nilikuwa Durban kwa binti yangu. Ijumaa nikasali msikiti wa Grey Street, tukatoka na mkwe wangu kutembea mjini. Akanihadithia habari za Avalon, kampuni ya sinema iliyoanzishwa hapo mwaka 1939 na Waislamu wa Kihindi. Mie nikaitaja filamu ya Cry, the Beloved Country. "Ah, ile ya Sidney Poitier!" akasema.

Nikanyamaza. Kosa hilo nimelifundisha mwenyewe miaka mingi darasani.

Poitier yumo, kijana wa miaka ishirini na kitu, anacheza padri msaidizi. Lakini anayeibeba filamu yote ni Canada Lee, yule padri mzee Kumalo anayetoka Ixopo, huko huko Natal, kwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe. Kitabu ni cha Alan Paton, cha mwaka 1948. Sisi tulikisoma sekondari ya misheni, mie mtoto wa Kiislamu nikimlilia padri!

Lee alizaliwa New York mwaka 1907, jina lake khasa Leonard Canegata. Alijifunza fidla, akapanda farasi wa mashindano, kisha akawa bondia mpaka akapoteza nuru ya jicho moja ulingoni. Hapo ndipo akaingia uigizaji. Mwaka 1941 Orson Welles alimpa nafasi kubwa jukwaani katika Native Son. Mwaka 1944 Hitchcock akamtia katika Lifeboat, na humo Lee alikataa kusema maneno ya kijinga ambayo weusi walikuwa wakiandikiwa. Mwaka 1947 akacheza bondia katika Body and Soul. Kisha ikaja hofu ya ukomunisti kule Marekani, jina lake likachafuliwa, kazi zikakauka.

Mwaka 1950 Zoltan Korda akawachukua yeye na Poitier kwenda Afrika Kusini. Ubaguzi ulikuwa umeshakuwa sheria. Kwa maelezo ya Poitier mwenyewe, ili waruhusiwe kuingia ilibidi Korda aseme kwamba hawa ni watumishi wake wa mkataba. Waigizaji hao, jamani! Lee alifariki Mei 1952, umri miaka 45.

Nikayasimulia haya usiku barazani. Alikuwepo jirani, mzee wa Chatsworth, katika wale wanaoitwa Wazanzibari. Wazee wao, wengi Wamakua, waliokolewa na manowari za Waingereza katika majahazi ya watumwa, wakaletwa Durban kutoka Unguja kuanzia mwaka 1873. Serikali ya ubaguzi ikaja kuwahamisha kutoka kwao King's Rest.

"Hata babu zetu walipofika walipewa mkataba," akasema. "Waliambiwa wako huru, kisha wakagawiwa kwa mabwana." Akanitazama. "Na wewe, Mwalimu, asili yako wapi?"

Nikamwambia kweli: Maskati, kisha Unguja.

Akakaa kimya muda. Mie chai ikanipoa mkononi. Sikuwa na la kusema, na nadhani hakutaka niseme.

"Haya, tuonyesheni hiyo filamu," akamwambia mkwe wangu.

Tukaiweka kwenye televisheni. Alipotokea padri mwenye mvi, mzee akasogeza kiti mbele. "Nani huyu?"

"Canada Lee," nikamjibu.