Askari na Mpagazi: Siku Moja Kutoka Magogoni Hadi Kariakoo

Tangu treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, mtu wa bara mwenye azma ya kuuona mji wa pwani na kurejea kulala kwake siku ile ile hana tena haja ya kumsumbua jamaa ampokee. Ndivyo tulivyofanya sisi, kundi la marafiki wa Morogoro, tuliokubaliana juu ya sharti moja tu: kwamba mji tutautembea kwa miguu, tuanzie ufukweni, na Kariakoo, ambako wengi hukimbilia mara washukapo garini, iwe ya mwisho. Sharti hilo lilimuudhi mwenzetu mmoja aliyekuja na orodha ndefu ya vitenge alivyoagizwa na mawifi zake, lakini wengi wape.

Ukiifuata Barabara ya Sokoine, bahari ikiwa mkono wako wa kuume, utalikuta Boma la Kale, jengo la mawe ya matumbawe la miaka ya 1860, zama ambazo Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alipendezwa na bandari hii iliyojificha nyuma ya mlango mwembamba wa bahari, akaazimia kuanzisha mji kando ya kijiji cha Mzizima. Ajali haikumpa muhula. Alifariki mwaka 1870 mji haujatengemaa, na nduguye Seyyid Barghash, aliyerithi kiti, hakuwa na shauku nao. Wajerumani ndio walioufufua, wakauhamishia makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakauachia yale makanisa mawili, la Mtakatifu Yosefu na la Azania Front, ambayo hata leo, ijapokuwa maghorofa ya vioo yameyazunguka, ndiyo macho ya abiria wa pantoni huyatazama kwanza.

Na pantoni lenyewe ni tamasha. Magogoni, palipo na Ikulu (ambayo haipigwi picha, wala usijaribu), ndipo pia penye kivuko cha kwenda Kigamboni na soko la samaki la Feri, kwa hiyo dola na dagaa wamekuwa majirani tangu zamani. Afikaye asubuhi na mapema huukuta mnada umepamba moto, changu na kibua na pweza wakitajiwa bei kwa sauti ambazo mgeni hudhani ni ugomvi, ilhali ni biashara ya amani kabisa. Naye akitaka kustarehe atapata supu ya pweza ya moto, yenye ndimu na pilipili, anywe kwa kusimama kama wanywavyo wenyeji. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 kule Kurasini, wako waliotabiri kwamba kivuko kitakufa, nacho hakikufa, maana njia fupi ya mtu wa miguu ni maji.

Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, hayahitaji maneno mengi hapa. Inatosha kusema kwamba humo limehifadhiwa fuvu la zamadamu Zinjanthropus, alilolivumbua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959.

Tulikaa zaidi mbele ya sanamu ya askari katika Barabara ya Samora. Askari huyu wa shaba, ambaye singe yake imeelekea bandarini, alisimamishwa mwaka 1927 mahali ilipokuwapo sanamu ya gavana Hermann von Wissmann, iliyong'olewa Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916. "Huyu bwana," aliuliza yule mwenye orodha ya vitenge, "risasi zake alibebewa na nani?" Swali lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Vita vile, vya Kwanza vya Dunia, vilipiganwa katika nchi isiyo na barabara, ambamo mbung'o waliwaua punda na ng'ombe wa mizigo, hata ikawa hapana budi kila gunia na kila sanduku lipande kichwani mwa mtu. Na wapagazi, waliochukuliwa wengi wao kwa nguvu, wakafa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Maandishi ya chini ya sanamu yanawataja. Sanamu ya Nairobi, ya mchongaji yule yule, imemwonyesha mpagazi mwenyewe. Hapa Dar es Salaam hakuchongwa.

Ukipita mitaa ya Uhindini utatokea Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi makusudi ili maskani ya Waafrika yatengwe na ya wengine. Na ng'ambo yake tu, katika Mtaa wa Lumumba, ndipo chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Ajabu ya mambo, uwanja wa kutenga watu sasa una Mnara wa Mwenge wa Uhuru.

Hatimaye Kariakoo. Hapa ndipo Waingereza walipowapigisha kambi wapagazi wao, lile jeshi la Carrier Corps ambalo mji umeligeuza kuwa jina la soko lake. Jengo kuu, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, lenye mapaa ya zege kama miavuli iliyopinduliwa, liliungua mwezi wa Julai 2021, likakarabatiwa na kuongezewa jengo jipya ubavuni. Lakini soko si jengo. Soko ni Mtaa wa Kongo, ambamo huwezi kusimama ukastaajabu, kwani nyuma yako yuko kuli mwenye robota mabegani anayekutaka upishe, na nyuma yake yuko mwingine mwenye mkokoteni, mizigo ikielekea Mbeya, Lubumbashi na Lusaka.

Vitenge vilinunuliwa, na zaidi ya orodha. Ilibidi tumwite mwenye mkokoteni atupelekee hadi stesheni, naye akatutajia bei, tukapatana.