Chale Atishaye na Zombi Achekeshaye: Mpaka wa Woga na Kicheko katika Filamu Pendwa

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kutenga tanzia na ramsa. Ya kwanza humliza mtu au kumtia hofu. Ya pili humchekesha. Hadhira nayo huingia ukumbini na matarajio yake, ikijua ni mhusika yupi wa kuogopwa na yupi wa kuchekwa. Hata hivyo, katika filamu pendwa za Marekani na Uingereza wapo wahusika wawili ambao wamebadilishana viti. Chale, yaani mchekeshaji wa sarakasi ajipakaye rangi usoni, aliumbwa achekeshe, lakini leo yumo miongoni mwa wahusika wanaotisha zaidi. Zombi, yaani maiti itembeayo isiyo na utashi, aliumbwa atishe, lakini leo watu huenda kumtazama ili wacheke.

Makala haya yanachunguza mabadilishano hayo. Yanadai kwamba kinachotenga woga na kicheko si sura ya mhusika, bali ni kile ambacho hadhira inaamini kimo nyuma ya sura hiyo. Aidha, yanaonyesha kwamba kicheko kinachomwelekea zombi kina gharama, na kwamba gharama hiyo hubainika pale mfasiri wa Kiswahili anapotafuta neno la kumwita.

Chale: Uso Usiosomeka

Chale wa kisasa, mwenye uso uliopakwa rangi nyeupe na midomo myekundu, ana deni kubwa kwa Joseph Grimaldi (1778–1837), mwigizaji wa London. Grimaldi aliivunja mbavu hadhira yake, ilhali maisha yake yalijaa misiba na maumivu ya mwili uliochakazwa na jukwaa. Kumbukumbu zake zilihaririwa na Charles Dickens na kuchapishwa mwaka 1838. Tangu hapo wasomaji wakazoea wazo kwamba nyuma ya rangi ya chale mna mtu mwingine, na kwamba huenda mtu huyo hacheki.

Wazo hilo lilikua. Katika opera ya Leoncavallo, Pagliacci, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Milan mwaka 1892, chale anamuua mkewe jukwaani huku watazamaji waliomo ndani ya mchezo wakidhani ni uigizaji. Mwaka 1928 filamu The Man Who Laughs, iliyotokana na riwaya ya Victor Hugo, ilimwonyesha mtu ambaye uso wake umekatwa ukabaki ukitabasamu daima. Uso huo ulichangia kuumbwa kwa Joker, adui wa Batman, aliyetokea mara ya kwanza katika vitabu vya katuni mwaka 1940. Kisha uhalisi ukaingilia sanaa: mwaka 1980 mahakama nchini Marekani ilimtia hatiani John Wayne Gacy kwa mauaji ya watu 33, na umma ukajua kwamba mtu huyo alikuwa akivaa mavazi ya chale kuwatumbuiza watoto. Miaka sita baadaye Stephen King alichapisha riwaya yake It, ambamo dubwana lijigeuzalo sura hupendelea sura ya chale aitwaye Pennywise. Riwaya hiyo iliigizwa katika televisheni mwaka 1990, na katika filamu mbili za mwaka 2017 na 2019.

Tukio la mwanzo la kisa hicho linatosha kuwa kielelezo. Mtoto anafuata mashua yake ya karatasi iliyobebwa na maji ya mvua hadi kwenye mfereji wa barabarani. Humo ndani chale anamsemesha kwa upole. Maneno ni matamu na tabasamu ni pana, na papo hapo ndipo taharuki inapozaliwa. Katika maisha ya kawaida tabasamu ni alama inayosomwa: huja, hupungua, huondoka, na kwa mabadiliko hayo mtu hukisia nia ya mwenzake. Tabasamu lililochorwa haliondoki. Chale anaweza kuwa amekasirika, ana njaa au anapanga kuua, na bado uso wake ukasema vilevile. Mwanasaikolojia Ernst Jentsch, katika makala yake ya mwaka 1906, alieleza kwamba kitu hutia kiwewe pale mtu anaposhindwa kuamua iwapo kina uhai au la. Chale huongeza shaka nyingine juu ya hiyo: uhai upo, lakini nia haisomeki.

Zombi: Kutoka Shambani hadi Ukumbini

Asili ya zombi ni Haiti, nchi iliyojengwa na watumwa kutoka Afrika na kujipatia uhuru mwaka 1804. Katika imani za huko, zombi hali watu. Ni mtu aliyekufa au kudhaniwa amekufa, kisha mchawi akamtwaa na kumfanyisha kazi pasipo malipo wala mapumziko. Hofu iliyomo si hofu ya kuliwa na zombi. Ni hofu ya kugeuzwa kuwa zombi. Kwa watu ambao mababu zao walitoroka utumwa, hakuna jinamizi kubwa kuliko kwamba hata kifo hakimwachi mtumwa huru. Filamu White Zombie ya mwaka 1932 bado ilikumbuka jambo hilo. Ndani yake mazombi wanasukuma kinu cha sukari. Mmoja anatumbukia kinuni, na wenzake wanaendelea kusukuma bila kugeuka.

George Romero aliligeuza umbo hilo mwaka 1968 katika Night of the Living Dead. Wafu wake hawana bwana na wanakula watu. Miaka kumi baadaye, katika Dawn of the Dead, aliwaweka kwenye jumba kubwa la maduka, wakizurura kwa mazoea kana kwamba bado wananunua vitu. Katika tukio moja genge la waendesha pikipiki linavamia jumba hilo na kuwapaka mazombi pai za krimu usoni. Pai ya krimu ni zana ya chale tangu enzi za filamu bubu. Kwa tukio hilo, zombi alikabidhiwa rasmi kazi ambayo chale alikuwa ameanza kuiacha. Yaliyofuata, kama vile The Return of the Living Dead (1985), Shaun of the Dead (2004) na Zombieland (2009), ni ramsa waziwazi.

Mizani ya Hatari na Utashi

Kwa nini mabadilishano haya yakawezekana? Mwanafalsafa Noël Carroll (1999) amebainisha kwamba dubwana na kichekesho hutokana na shina moja: vyote viwili huvunja mipaka ya aina za vitu tulizozizoea. Tofauti iko katika hatari. Mpunguzie dubwana hatari, atachekesha. Muongezee chale hatari, atatisha.

Maelezo haya yana uzito, ila hayatoshi. Mazombi wa Shaun of the Dead wanaua watu, hivyo hatari ipo. Hapa Henri Bergson anasaidia. Katika kitabu chake kuhusu kicheko cha mwaka 1900 alisema kwamba tunacheka binadamu anapoenenda kama mashine. Zombi ni mashine kamili. Hutembea vilevile, huanguka vilevile, hurudia kosa lilelile. Hana siri. Chale ana nia iliyofichwa; zombi hana nia ya kuficha. Ndiyo maana katika filamu ya Edgar Wright, Shaun anaamka, anakwenda dukani na kurudi bila kutambua kwamba mtaa umejaa mazombi. Kicheko chatokana na kinaya: majirani zake walio hai walikuwa wakienenda hivyohivyo jana yake.

Zombieland inawakutanisha wahusika wote wawili. Kijana Columbus amejifunza kuishi na mazombi kwa kufuata kanuni zake, lakini kuna kitu anachokihofia kuliko vyote: chale. Hatimaye, katika bustani ya burudani, anakabiliwa na zombi aliyekuwa chale. Zombi amemzoea, rangi ya usoni ndiyo inayomgandisha.

Gharama ya Kicheko

Bergson aliongeza kwamba kicheko huutaka moyo ufe ganzi kwa muda. Sharti hilo ndilo linalopaswa kumshughulisha mhakiki. Ili zombi achekwe, sharti asahaulike kuwa alikuwa mtu. Shaun of the Dead yenyewe inalijua hilo. Mama yake Shaun, Barbara, anapoumwa na kugeuka, filamu inaacha mzaha, na mwana analazimika kumpiga risasi mamaye. Zombi mwenye jina na mwana hachekeshi. Romero naye alikwisha kulionyesha hilo mwaka 1968: Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, mwigizaji Mweusi, anaokoka usiku kucha, kisha asubuhi anauawa na wanaume wenye bunduki waliomdhania zombi. Anayeamua nani si mtu ndiye anayeamua nani auawe.

Mfasiri wa Kiswahili hukutana na suala hili mlangoni. Akimwita mhusika huyu zimwi, amepata mla watu, na pia amepata ucheshi: zimwi la ngano zetu hutisha, lakini mara nyingi hulaghaiwa na mtoto. Akimwita ndondocha au msukule, kama wasemavyo wengi Tanzania, amerudi karibu na Haiti. Ndondocha ni mtu anayeaminika kufichwa na wachawi na kutumikishwa. Ana jina, ana kaburi, na ana jamaa wanaoshuku kwamba kilichozikwa si yeye. Neno hilo linabeba simanzi ambayo filamu iliidondosha njiani. Akibaki na zombi, hajapoteza wala hajaongeza, ila amemwachia mtazamaji kazi ya kukumbuka.

Hitimisho

Chale na zombi wanathibitisha kwamba tanzu hazina kuta za mawe. Mhusika yuleyule huvuka kutoka woga hadi kicheko kwa kadiri hadhira inavyoamini kwamba ndani yake mna mtu au hamna. Mwishoni mwa Shaun of the Dead, mazombi waliosalia wanatumiwa kusukuma toroli za duka kubwa. Ukumbi hucheka. Ni kazi ileile ya kinu cha sukari cha mwaka 1932, na waliokuwa wakiisukuma hawakuwa na mzaha. Mhakiki hakatazwi kucheka. Anachodaiwa ni kukumbuka toroli hiyo ilianzia wapi.