Mwanga, Vijidudu na Aseniki katika Udongo Uliofurika

Udongo wa Old Moshi una wekundu unaofahamika na kila aliyewahi kulima kihamba. Wekundu huo ni kutu ya chuma iliyofunika chembechembe za udongo uliotokana na miamba ya volkano. Kutu hiyo ina kazi isiyoonekana: hunasa aseniki na kuizuia isiingie majini. Aseniki ni sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha, nayo imo kwa kiasi kidogo karibu katika kila udongo duniani. Madhara yake hayategemei tu kiasi kilichomo ardhini, bali pia iwapo imeshikwa au imeachiliwa.

Udongo unapofurika

Mlimani, maji ya mifongo hupita na kuacha udongo ukipumua. Hali ni tofauti tambarare, kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, katika skimu ya Lower Moshi iliyojengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani. Huko maji hutuama, na oksijeni iliyomo udongoni huisha upesi.

Oksijeni inapoisha, bakteria wa aina ya Jeobakta na wenzao hugeukia kutu. Binadamu anapopumua, mwili wake huzikabidhi elektroni za chakula kwa oksijeni. Bakteria hawa huzikabidhi kwa chuma kilichomo ndani ya kutu. Kutu huyeyuka, udongo hubadilika kutoka wekundu kuwa wa kijivu, na aseniki iliyonaswa hutoka. Bakteria wengine huigeuza aseniki yenyewe kutoka umbo la V, linaloshikwa kwa nguvu na kutu, kuwa umbo la III, ambalo huponyoka kwa urahisi na ni sumu kali zaidi. Mpunga hufyonza silika kwa wingi ili kuimarisha mashina yake, na kwa kuwa aseniki III hufanana na silika hiyo, huingia kwa mlango uleule. Ndiyo sababu mpunga hukusanya aseniki kuliko nafaka nyingine.

Nafasi ya mwanga

Baadhi ya madini, kama vile kutu ya chuma, oksidi za manganizi na oksidi za titani, huamshwa na jua. Mwanga hurusha elektroni kutoka mahali pake na kuacha pengo. Mwaka 2012, watafiti wakiongozwa na Anhuai Lu wa Chuo Kikuu cha Peking, China, walionyesha kwamba elektroni za namna hiyo zinaweza kuwalisha bakteria wasio na uwezo wowote wa kutumia mwanga wenyewe.

Kwa upande wa aseniki, jambo hili lina sura mbili. Pengo lililoachwa linaweza kunyakua elektroni kutoka kwa aseniki III na kuirudisha kuwa V, nayo ikashikwa tena. Lakini mapengo hayo yakizibwa na mabaki ya mimea au samadi, elektroni zilizo huru huweza kuwasaidia bakteria kuyeyusha kutu na kuongeza aseniki majini. Matokeo hutegemea aina ya madini, jamii ya bakteria na kiasi cha mboji.

Aidha, mwanga hupenya milimita chache tu za udongo. Chini ya hapo ni giza, na huko bakteria ndio watawala. Kwa hiyo, nyenzo kubwa aliyonayo mkulima ni maji. Kukausha jaruba kwa vipindi, kama ifanyikavyo katika kilimo shadidi cha mpunga, huingiza hewa, hurudisha kutu na hupunguza aseniki katika punje. Hata hivyo, ukaushaji uliopita kiasi huweza kuongeza kadimi, madini mengine yenye sumu, hivyo ushauri wa bwana shamba ni muhimu.

Yanayomhusu mgonjwa na mhudumu wa afya

Maelezo haya si sababu ya kuushuku mchele wa Moshi. Nchini Tanzania, aseniki iliyopita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani mikrogramu 10 kwa lita, imepimwa katika baadhi ya vyanzo vya maji kwenye maeneo ya dhahabu ya Geita na Mara. Wagonjwa huhama, na dalili huchelewa. Kwa kawaida huonekana baada ya miaka mitano au zaidi. Mhudumu achunguze madoa meusi na meupe mwilini, ngozi ngumu yenye vinundu viganjani na nyayoni, pamoja na ganzi ya miguu. Sumu hii huongeza pia hatari ya saratani ya ngozi, mapafu na kibofu. Meno ya kahawia, yanayoonekana sana Kilimanjaro na Arusha, ni dalili ya floraidi, si ya aseniki.

Mgonjwa aulizwe alikoishi, kazi aliyofanya na maji aliyokunywa. Kipimo cha mkojo huonyesha aseniki iliyoingia siku za karibuni. Asile samaki wala vyakula vingine vya baharini siku chache kabla ya kipimo, kwani huvuruga majibu.

Nyumbani, ieleweke kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi aseniki. Maji yanapopungua, sumu huzidi kukolea. Kuanika chupa juani peke yake hakutoshi. Nchini Bangladesh ilijaribiwa njia ya kutia maji ya limau katika maji yenye chuma na kuyaanika: chuma huganda na kutuama pamoja na aseniki. Njia hiyo hupunguza sumu, haiimalizi. Palipo na shaka, maji yapimwe maabara na chanzo kingine kitafutwe. Mchele nao uoshwe, upikwe kwa maji mengi yaliyo salama, kisha maji yanayobaki yamwagwe. Sehemu ya aseniki huondoka nayo.