Kioo cha Mbele na Bima Tuliyoidhani

Tulikuwa tukirejea Mombasa kutoka Kilifi, watoto wamelala viti vya nyuma, lilipotupita lori la kokoto. Kijiwe kikaruka, kikagonga kioo cha mbele na kuacha alama isiyozidi ukucha. Tukasema Alhamdulillahi, tukaendelea na safari.

Siku ya nne ufa ulikuwa umetambaa hadi mbele ya macho ya dereva. Jua la mchana, baridi ya kiyoyozi na mashimo ya barabara ndivyo vilivyourefusha. Alama ndogo ikiwahiwa, fundi huijaza gundi maalumu kwa gharama nafuu. Ufa mrefu hauna dawa ila kubadilisha kioo kizima.

"Kwani hatuna bima?" akauliza mama watoto. Tulikuwa nayo, lakini ni ile inayolazimishwa na Sura ya 405 ya sheria za Kenya, ambayo huwafidia watu wengine tunaowadhuru barabarani. Kioo chetu wenyewe hakimo.

Jirani mmoja, kwa nia ya kutufaa, akatushauri tukate bima kamili, tungoje mwezi, kisha tuseme jiwe limepiga jana. Hatufichi kwamba, kwa bei tuliyotajiwa, shauri lile lilikesha nasi. Lakini fedha hizo ni za watu, na ushahidi wa uongo haugeuki halali kwa kuandikwa katika fomu. Tukalipa mfukoni, na karo ya muhula ikachelewa.

Hata mwenye bima kamili na asome waraka wake. Aghalabu kioo huwekewa kikomo: kikiwa Sh30,000 na kioo kipya ni Sh45,000, Sh15,000 zitamtoka mwenye gari. Kikomo huongezwa kwa kulipa zaidi, na hilo hufanywa kabla ya jiwe. Magari mengine yana kamera nyuma ya kioo, ambayo huhitaji kurekebishwa upya kila kioo kinapobadilishwa. Na aulize kama gharama hiyo imo.

Dada zetu hutuuliza kuhusu uhalali wenyewe. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah iliamua mwaka 1985 kwamba bima ya kibiashara yenye ada maalumu haijuzu kwa sababu ya gharari, na ikaruhusu ile ya kusaidiana. Takaful imepatikana nchini mwetu tangu 2011, nayo pia iulizwe maswali yayo hayo ya kikomo.

Na msitafute kioo rahisi kwa fundi yeyote. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati, ili kikivunjika kisiwamwagikie walio ndani. Tena husaidia kulishikilia paa gari likipinduka. Ubora wake ni bure kama gundi haijakauka. Fundi wetu alilizuia gari saa kadhaa, na watoto wakaenda chuoni kwa miguu.