Mvinyo Mweupe: Rangi Moja, Ladha Nyingi

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, ambako ililipa hongo ili ipite na kuteka maji. Nchi hiyohiyo kame leo ina mashamba ya zabibu ya Dodoma, yanayovunwa mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wake hufika Tabora kwa njia ileile ya kuelekea magharibi.

Mnunuzi aliyezoea soda huchukua chupa yenye mvinyo wa rangi ya dhahabu, akaonja, akakunja uso. Hakupunjwa; hakusoma lebo. Chachu hula sukari ya zabibu na kuigeuza kilevi. Ikiila karibu yote, mvinyo huwa mkavu, na chupa huandikwa “Dry”. Sukari ikibaki, huandikwa “Semi-sweet” au “Sweet”. Rangi haitoi habari hiyo, wala jina la zabibu halitoshi: Chenin Blanc, zabibu nyeupe inayolimwa Dodoma, huweza kutoa mvinyo mkavu na mtamu pia.

Mezani, uchachu wa mvinyo mkavu hufanya kazi ya ndimu. Hukata mafuta ya migebuka na dagaa wa Kigoma waliokaangwa, na hupatana na kuku wa kienyeji aliyechemshwa kwa chumvi tu. Pilipili ni jambo jingine, kwa kuwa kilevi huichochea; pilau yenye kachumbari kali yafaa ipewe mvinyo wenye utamu kiasi. Uyoga wa masika ulioungwa kwa karanga hukubali aina zote mbili, ingawa sisi twapendelea mkavu. Kwa maembe, au chochote kilichotiwa asali ya Tabora, chagueni mvinyo mtamu kuliko chakula chenyewe, la sivyo utaonekana kama siki.

Tunalolisisitiza zaidi ni joto. Chupa iliyosafiri juani, kisha ikapangwa kwenye dirisha la duka, huweza kuharibika kabla haijanunuliwa. Ombeni ya rafu ya ndani. Iacheni ambayo kizibo chake kimesukumwa juu, inayovuja shingoni, au ambayo mvinyo wake ungali mchanga lakini umegeuka hudhurungi. Mvinyo mweupe wa bei ya kawaida haukuwekwa chupani ili uzeeke. Mwaka wa nyuma sana si sifa. Tazameni pia alama ya ubora ya TBS, jina la mtengenezaji au mwagizaji, na kiwango cha kilevi, ambacho mara nyingi hukaribia asilimia 12. Dereva na mjamzito wasiuguse.

Upozeni hadi nyuzi 8 hadi 12. Ukibaki, zibeni chupa na kuirudisha katika jokofu. Utadumu siku tatu hivi. Chupa mpya ikifunguliwa na kunuka siki, msiimwage: izibeni, muirudishe dukani pamoja na risiti.