Nguvu za Kiume: Usinunue Kidonge kwa Siri

Leo tunasema juu ya ugonjwa ambao wanaume wengi wa Kabambare wanauficha hata mbele ya bibi zao: kukosa nguvu za kiume.

Tuseme kuna mchimbaji mmoja wa upande wa Salamabila, mwenye miaka 52. Tangu miezi kadhaa mwili wake haumtii tena kitandani. Anakasirika bure, analala mapema. Bibi yake anafikiri amepata mwanamke mwingine. Siku ya mshahara anapita sokoni, anauziwa kidonge cha buluu bila karatasi ya munganga, bila kuulizwa swali. Kumbe mtu huyu anatumia pia dawa ya moyo. Usiku ule ule anaweza kufa.

DAWA HII NI NINI?

Inaitwa sildenafili, wengi wanaijua kwa jina la Viagra. Wataalamu wa kampuni ya Pfizer, huko Uingereza, waliitafuta kwanza kwa maumivu ya kifua yanayotokana na moyo. Haikusaidia sana kifua, lakini wanaume walioijaribu walieleza jambo jingine. Tarehe 27 Machi 1998 Marekani iliiruhusu kwa kutibu nguvu za kiume.

Dawa hii haileti tamaa. Inalegeza mishipa ili damu iingie vizuri wakati mwanaume ana hamu. Kwa kawaida hunywewa saa 1 hivi kabla, tena si zaidi ya mara moja kwa siku. Munganga ndiye anayepima kiasi. Haizuii mimba wala UKIMWI.

DINAMITI NA MOYO

Sisi watu wa mgodi tunaijua dinamiti. Ile ya zamani ilitengenezwa kwa nitrogliserini. Waliyoishika kwa mikono waliumwa kichwa sana, kwani inapenya ngozi na kupanua mishipa ya damu. Nitrogliserini hiyo hiyo, kwa kiasi kidogo sana, ni dawa ya moyo. Hata Alfred Nobel aliyevumbua dinamiti aliandikiwa na waganga wake mwaka 1896. Baruti nyingi za leo hazina kitu hicho, lakini dawa ya moyo bado inatumika.

Sildenafili nayo inapanua mishipa. Dawa hizi mbili zikikutana mwilini, tansio inaanguka ghafla, mtu anazimia au anakufa. Kwa hiyo anayetumia dawa ya moyo ya namna hiyo asiiguse kabisa sildenafili.

KABLA YA KUMEZA

1. Mwambie munganga dawa zote unazokunywa: za moyo, za tansio, za UKIMWI, za kifua kikuu.
2. Usinunue barabarani. Kidonge kinaweza kuwa bandia. Hata unga wa mizizi umewahi kukutwa umechanganywa na sildenafili kwa siri.
3. Ukisikia kizunguzungu, au macho yakiona rangi ya buluu, usishuke shimoni wala usiendeshe mashine. Mwarifu kapita wako.
4. Kimbia hospitali kama uume umesimama zaidi ya saa 4, kama macho au masikio yamekufa ghafla, au kama kifua kinauma. Sema wazi kwamba ulimeza kidonge hicho.

USIMSHTAKI JIRANI

Mara nyingi si uchawi, wala si kosa la bibi. Ni ugonjwa wa sukari, tansio, sigara, lotoko, uchovu au mawazo mengi. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, basi inaweza kuziba mbele. Mara nyingine ni moyo unaotoa onyo mapema. Anayepimwa sukari na tansio leo anaweza kuokoa maisha yake.

Mama, usimcheke bwana wako. Msindikize kwa munganga. Na wewe baba, shimoni hauingii bila kofia. Usimeze kidonge bila munganga.